Kisu cha Kijapani cha kufuliwa kwa mkono: namna ya kukikagua, kukinoa na kukitunza

Kila wiki naulizwa maswali yale yale matatu. La kwanza: "Nimeletewa kisu kutoka Japani, nakinoaje?" La pili: "Mbona kimeshika kutu siku ya pili tu?" La tatu huja na picha, na kwenye picha makali yamemeguka kipande kama pengo la mtoto. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika yote hapa.

Mimi ni mpishi, si mhunzi. Kisu changu cha kwanza cha aina hii nilikiharibu mwenyewe ndani ya siku tisa. Nilianza kwa kupasua nguru aliyetoka kwenye friza, kikameguka. Halafu nikakipeleka kwa fundi wa mtaani mwenye jiwe la kuzungushwa kwa baiskeli. Cheche ziliruka vizuri sana, mpaka watoto wakaja kutazama. Kiliporudi kilikuwa kinang'aa, lakini pembeni mwa makali kulikuwa na rangi ya bluu kama ya mafuta juu ya maji. Rangi hiyo maana yake ni kwamba moto umeshaondoa ugumu wa feleji. Kilikata siku mbili, kikawa butu, na kila nilipokinoa kikawa butu tena.

Jambo moja tu la kuelewa kwanza

Kisu hiki kwa kawaida ni vyuma viwili vilivyofanywa kimoja. Kuna feleji ngumu inayokata, ambayo Wajapani huiita hagane, na kuna chuma laini kinachoibeba, jigane. Mhunzi huvitia motoni pamoja na kuvigongelea mpaka vishikane. Kwenye santoku (kisu cha kazi zote jikoni) na gyuto (kisu kirefu cha mpishi), feleji iko katikati na chuma laini kimeibana pande zote mbili, kama siagi kati ya slesi mbili za mkate. Kwenye yanagiba (kisu kirefu chembamba cha kukatia samaki mbichi) na deba (kisu kinene cha kupasulia samaki), feleji iko upande mmoja tu. Vipo pia vya feleji tupu, honyaki, lakini hivyo bei yake ni ya kukaa chini kwanza.

Baadaye mhunzi hukipaka kisu udongo, hukipasha moto tena na kukitia maji. Wengi huzima taa karakana iwe giza, ili waisome rangi ya chuma kwa macho. Kwa feleji iitwayo nyeupe (nitaieleza kwenye hatua ya 1) joto linalotakiwa ni kati ya nyuzi 760 na 800 za Selsiasi, na kosa dogo la rangi linaharibu kazi yote. Kikikamilika, ugumu wake kwa kipimo cha Rockwell mara nyingi ni 60 hadi 64. Visu vingi vya Kijerumani viko kwenye 56 hadi 58.

Ugumu huo ndio unaokuruhusu kuwa na makali membamba yanayokaa muda mrefu. Ugumu huo huo ndio unaokifanya kimeguke pale ambapo kisu cha kawaida kingepinda tu. Ukilikumbuka hilo, masharti yote yatakayofuata utayaelewa bila kulazimishwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jiwe la maji la kunolea, namba 1000 (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi). Ukiwa na pesa ya jiwe moja tu, nunua hili. Lile la pande mbili, 1000 na 6000, ni bora zaidi.
- Jiwe la namba 300 au 400, ikiwa tu kisu kimemeguka.
- Msasa wa maji namba 120 na kipande cha kioo kinene au kigae kilichonyooka, kwa ajili ya kunyoosha jiwe.
- Penseli, na kalamu ya wino mzito ya kuandikia kwenye maboksi.
- Kitambaa kilicholowa cha kuweka chini ya jiwe, na kingine kikavu cha kufutia.
- Bakuli la maji, gazeti la zamani, na nyanya moja iliyoiva.
- Mafuta kidogo. Wajapani hutumia ya mbegu za tsubaki, yaani kamelia. Mimi natumia ya nazi yaliyochujwa vizuri. Ya alizeti yananata yakikaa.

Na nusu saa bila simu.

Hatua ya 1: Kikague kisu chako

Kishike mpini, elekeza ncha kwenye dirisha, funga jicho moja na utazame mgongo wake kama fundi anayekagua ubao. Unatakiwa uwe umenyooka. Mpindo mdogo sana si ajabu kwa kazi ya mkono, ila kama unauona bila kuutafuta, kirudishe ulikokinunua.

Sasa tazama ubavuni, karibu na makali. Utaona mstari, mara nyingi wenye mawimbi madogo, unaotenganisha sehemu yenye ukungu na sehemu inayong'aa. Hapo ndipo chuma laini kinapoishia na feleji kuanzia. Mstari ulionyooka kabisa kama umepigwa rula si kasoro, lakini ule wenye kupanda na kushuka kidogo mimi huupenda zaidi, kwa sababu unaonyesha nyundo ilipopita. Kuhusu yale maua na mawimbi yanayojaa ubavu mzima, wengi hulipia hayo. Fahamu kwamba hayakati chochote. Yako kwenye chuma cha nje tu, na kinachokata ni feleji ya katikati.

Geuza upande wa pili. Kama pande zote mbili zimeteremka kuelekea kwenye makali, kisu chako ni cha pande mbili (santoku, gyuto, nakiri ya mboga, petty ambacho ni kisu kidogo). Kama upande mmoja umeteremka na wa pili ni bapa wenye bonde kidogo katikati, ni cha upande mmoja (yanagiba, deba, usuba ya mboga). Hivi vinanolewa kwa njia nyingine, nitaieleza baada ya hatua ya 9. Na ukiwa wa mkono wa kushoto, hakikisha hukuuziwa cha upande mmoja cha mkono wa kulia. Kitakupeleka pembeni kila unapokata.

Mwisho, jua kama kinashika kutu. Kwenye boksi kunaweza kuandikwa shirogami, yaani karatasi nyeupe, au aogami, karatasi ya bluu. Majina hayo yanatokana na rangi ya karatasi zinazofungiwa feleji kutoka Yasugi, mkoani Shimane. Nyeupe ni feleji ya kaboni isiyo na mengi ndani yake, na hunoleka upesi. Ya bluu imeongezwa kromiamu na tangsteni, huchelewa kuwa butu lakini inakutaka subira kwenye jiwe. Zote mbili hushika kutu. Kama boksi limepotea, weka tone la ndimu kwenye makali karibu na mpini, subiri dakika tano, futa. Likibaki doa la kijivu, umeshajua.

Jina lililochongwa kwenye ubavu si lazima liwe la mhunzi. Katika mji wa Sakai, Japani, kwa mfano, kazi imegawanywa tangu zamani: mmoja hufua, mwingine hunoa, mwingine hutia mpini, na mara nyingi jina linaloandikwa ni la mfanyabiashara anayewaunganisha. Mji huo ulijipatia sifa kwa visu vya kukatia tumbaku, baada ya Wareno kuifikisha tumbaku Japani katika karne ya 16. Ndiyo, Wareno hao hao wa Ngome ya Yesu, Mombasa.

Hatua ya 2: Loweka jiwe

Litumbukize kwenye maji. Litatoa viputo, viputo vikiisha, baada ya dakika kumi au kumi na tano, liko tayari. Mawe mengine hayalowekwi, yanamwagiwa maji juu tu. Soma boksi lake. Upande wa 6000 kwa kawaida unatosheka na kumwagiwa.

Hatua ya 3: Linyooshe jiwe

Watu wengi huiruka hatua hii, halafu hulaumu kisu. Jiwe linalika katikati, na jiwe lenye bonde haliwezi kunyoosha makali. Chora mistari ya penseli juu yake kama nyavu. Weka msasa juu ya kioo, umwagie maji, sugua jiwe juu yake. Mistari ya pembeni itafutika kwanza, ya katikati itabaki. Endelea mpaka mstari wa mwisho uondoke. Fanya hivyo kila unaponoa.

Hatua ya 4: Tafuta mwinamo

Weka jiwe juu ya kitambaa kilicholowa ili lisitembee. Kilaze kisu juu yake, kisha inua mgongo. Kwa nyuzi 15, kisu chenye upana wa milimita 45 kutoka mgongoni hadi kwenye makali, mgongo wake uinuke kama milimita 12. Ni karibu na unene wa kidole chako kidogo. Hiyo ni kwa kila upande.

Usihangaike na namba kuliko hapo. Paka makali wino ule mzito, pitisha kisu kwenye jiwe mara mbili, tazama. Wino umetoka juu tu na umebaki kwenye ukingo? Umekilaza mno. Umetoka kwenye ukingo tu? Umekiinua mno. Umetoka sehemu yote ya makali? Basi umepata, na kazi yako sasa ni kuushikilia mkono pale pale.

Hatua ya 5: Noa upande wa kwanza

Shika mpini kwa mkono wa kulia, kidole gumba kwenye ubavu. Makali yakuelekee wewe. Kisu kikae mshazari juu ya jiwe. Vidole viwili au vitatu vya kushoto viweke juu ya bapa, karibu na makali, mahali hasa unapotaka kunoa.

Sukuma mbele ukiwa umekandamiza, rudisha ukiwa umelegeza. Kanuni ni hii: kandamiza kisu kinapokwenda kwa upande wa mgongo, legeza kinaporudi kwa upande wa makali. Uzito wa mkono usizidi kilo moja na nusu. Ukitaka kujua hiyo ni kiasi gani, weka jiwe juu ya mizani ya jikoni ubonyeze. Wengi hushangaa jinsi ilivyo ndogo.

Anza karibu na mpini, nenda kidogo kidogo mpaka kwenye ncha. Ukifika kwenye ncha inua kiwiko kidogo, kwa sababu makali hapo yanapinda. Yale matope meusi yanayotokea usiyaoshe, ndiyo yanayonoa. Jiwe likikauka, dondoshea maji machache.

Hatua ya 6: Tafuta mkunjo

Baada ya muda, chuma kitajikunja kidogo kuelekea upande wa juu, ule usiogusa jiwe. Ni kitu kidogo mno, hukioni, unakihisi. Pitisha ncha ya kidole kutoka mgongoni kwenda nje kupita makali, kamwe si kwa urefu wa makali. Utahisi kama kinakukwaruza. Wajapani huuita mkunjo huo kaeri.

Usigeuze kisu kabla mkunjo haujatokea toka mpini hadi ncha. Kama kuna sentimita mbili hazina mkunjo, basi sentimita hizo hazijanolewa. Rudi hapo tu, si kote.

Hatua ya 7: Upande wa pili

Geuza. Makali sasa yanatazama mbele, kwa hiyo unakandamiza unapovuta na kulegeza unaposukuma. Endelea mpaka mkunjo uhamie upande wa kwanza. Safari hii huchukua muda mfupi zaidi.

Hatua ya 8: Jiwe laini na kuondoa mkunjo

Osha kisu, chembe za jiwe la 1000 zisiingie kwenye la 6000. Rudia mwendo ule ule kwa mkono mwepesi, mara kumi upande huu, kumi ule, kisha tano tano, kisha moja moja. Kila mara kandamiza kidogo kuliko awali. Malizia kwa kukiburuta kwenye gazeti lililokunjwa, mgongo ukitangulia, mara tano kila upande. Mkunjo ukibaki, kisu kitaonekana kikali sana kwa kitunguu kimoja, halafu makali yataanguka.

Hatua ya 9: Jaribu, kausha, paka mafuta

Karatasi ni jaribio la kwanza. Nyanya ni jaribio la kweli. Iweke ubaoni bila kuishika, laza makali juu ya ngozi yake na uvute bila kukandamiza. Kisu kikizama kwa uzito wake chenyewe, umemaliza. Kioshe, kikaushe mpaka chini ya shingo ya mpini. Kama hutakitumia kesho, kipake mafuta kiasi cha kuacha alama ya kidole.

Visu vya upande mmoja

Hapa huinui mgongo. Ule mteremko mpana unaolala kuanzia makali hadi pale unapokutana na ubavu ulio bapa ndio unaokuonyesha mwinamo. Ulaze wote juu ya jiwe na unoe mpaka mkunjo utokee nyuma. Kisha geuza, laza bapa la nyuma juu ya jiwe laini, likiwa limelala kabisa, na upitishe mara chache tu kutoa mkunjo. Lile bonde la nyuma limechongwa makusudi ili kisu kisigandane na samaki, na kila unaposugua nyuma bila sababu unalimaliza. Ukiinua nyuma hata nyuzi tano, umekigeuza kuwa kisu kingine. Kama ndiyo mara yako ya kwanza kunoa, anza na santoku, yanagiba isubiri.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kukatia mkononi. Sisi tumezoea kushika kitunguu kiganjani na kukikatia juu ya sufuria, kidole gumba kikiwa ndiyo ubao. Kwa kisu cha soko kilicho nusu butu, kidole kinapona. Kwa hiki hakiponi. Nunua ubao, wa mti au plastiki laini. Sahani, kioo na marumaru vinaua makali kwa dakika moja.

Mifupa, samaki wa barafu, mua, na kufungulia nazi, hata kwa mgongo. Hizo ni kazi za panga. Deba ni nene na hukata kichwa cha samaki, lakini si mfupa wa mbuzi.

Kukizungusha ndani ya chakula. Kwenye mhogo au boga, ukikwama usikipindue kama ufunguo. Kitoe, ukate upya.

Kukwangulia ubao kwa makali ili kusukuma mboga. Geuza, tumia mgongo.

Kile chuma kirefu cha duara kinachokuja na seti za visu vya Ulaya. Kwa feleji ngumu hivi, kinang'oa vipande. Na vile vinoleo vya kuvuta kisu katikati ya magurudumu mawili, usivikaribie.

Kukiacha kwenye karo. Pwani hewa yenyewe ina chumvi. Kisu cha kaboni kilicholowa hakimalizi hata muda wa chakula bila doa. Mashine ya kuoshea vyombo sitaizungumzia.

Kikikusumbua

*Kimegeuka rangi ya kijivu na bluu ya madoa.* Hiyo si kutu. Ni ngozi ambayo kisu cha kaboni hujijengea kwa kukutana na nyama na vitunguu, nayo hukilinda. Iache. (Bluu ya moto niliyoitaja mwanzoni ni nyingine: hiyo hukaa ukingoni tu, na hutokea baada ya jiwe la umeme au la baiskeli.)

*Kina doa jekundu.* Hiyo ndiyo kutu. Sugua kwa matope ya jiwe lako na kizibo cha chupa, kausha, paka mafuta.

*Vitunguu vinakuwa vyeusi na vinanuka chuma.* Ni kawaida kwa kisu kipya. Futa ubavu kila baada ya kitunguu kimoja au viwili. Ngozi ile ya kijivu ikishajengeka, tatizo hupungua.

*Nimenoa saa nzima, mkunjo hautoki.* Ama unabadilisha mwinamo bila kujua, ama hufiki ukingoni. Rudi kwenye wino.

*Kinakata karatasi kama wembe, lakini karoti inapasuka kwa kishindo.* Makali ni mazuri, ubavu nyuma yake umenenepa kwa sababu umenoa ukingo peke yake miaka yote. Kilaze karibu bapa kabisa kwenye jiwe la 400, upunguze unene juu ya makali pande zote mbili, kisha unoe upya. Kitachubuka na sura itaharibika. Kitakata.

*Kimemeguka.* Pengo la milimita moja hutoka kwa jiwe la 300 au 400 na jioni moja. Noa makali yote kwa usawa mpaka yafikie mwisho wa pengo. Usichimbe pale penye pengo tu, utatengeneza bonde. Pengo kubwa zaidi ya hapo mpe anayejua, na kabla hujamwachia muulize kama ananoa kwa jiwe la maji.

*Mpini unacheza.* Mkia wa kisu umechomekwa tu ndani ya mpini ukiwa wa moto, na maji yameingia. Mipini ya asili ni ya mti mwepesi uitwao ho, yenye pete ya pembe ya nyati shingoni, na huko kwao mpini ni kitu cha kubadilishwa, si cha kuzikwa nacho. Gonga shingo ya mpini polepole kwa kipande cha mti, kutoka upande wa kisu kwenda nyuma, utatoka. Mpini wa sasa wa santoku yangu ni wa mninga. Seremala alitaka kuupiga vanishi, nikamkatalia, kwa sababu vanishi na mikono yenye mafuta ya samaki havikai pamoja.